Namba Thelathini na Tisa

Kwetu Bukonzo jina ni foleni:
Masika hutangulia, Biira hufuata,
Kabugho ndiye mimi, niliyekuja wa tatu
nikavaa kila kilichokwisha kuvaliwa mara mbili.

Biira yuko Maskati, analea watoto wa watu.
Aliposikia tumejiandikisha mbio
(Masika ndiye aliyejiandikisha, mimi niliandikwa)
akatuma viatu kwa mkono wa binti wa jirani,
jozi mbili, rangi ya waridi, vinanukia duka.
Namba thelathini na tisa. Jozi zote.
Masika huvaa arobaini na moja.
Mimi, thelathini na saba.
Thelathini na tisa ni mguu wa Biira mwenyewe;
miaka sita ugenini,
hakuna mguu mwingine anaoukumbuka.

Tukavivaa. Ungefanyaje?
Mimi nikashindilia pamba puani mwa viatu,
Masika akakunja vidole kama mtu anayeficha pesa.

Saa moja asubuhi, Kasese, jua bado lina adabu.
Filimbi ikalia.
Vijana wembamba wakatoweka kama mshahara,
tukabaki sisi na walimu wa shule za msingi
na meneja wa benki aliyekwisha kujuta.

Njia ya Kilembe inapanda bila kukuomba radhi.
Kando yake Nyamwamba unaongea peke yake
juu ya mawe uliyoyaleta wenyewe,
mwaka ule ulipopita sebuleni kwetu
ukachukua kabati, na cherehani,
na picha tuliyopigwa watatu.
Masika hautazami mto huo.
Leo pia alitazama kushoto, kwenye migomba,
kilometa tisa nzima.
"Pumua kwa pua," akaniambia,
na yeye mwenyewe anapumua kwa mdomo.

Nyumba za mgodi, mabati yameota kutu.
Baba alishuka humo chini na taa kichwani
kabla hatujawa foleni.
Bibi mmoja mlangoni na beseni la maji
akatumwagia bila kuuliza, kisha ndiyo akauliza:
"Wanangu, mnakimbilia wapi? Nani amekufa?"
Tulicheka hadi mbavu zikatunyang'anya pumzi,
na pumzi hiyo hatukuipata tena.

Kushuka ndiko kulikotuua.
Pamba yangu ililowa ikawa tope;
kiatu kilifika kwanza, mguu ukafuata baadaye.
Kilometa ya kumi na sita Masika akasimama.
Hakusema neno. Akaketi juu ya jiwe, akavua:
ukucha wa kidole gumba mweusi kama zambarau.
Akazifunga kamba pamoja, akavitundika shingoni.
Nikainama nivue na mimi.
"Wewe vaa," akasema.
"Lazima mmoja wetu afike navyo miguuni."

Mimi niliyezaliwa kufuata
nikajikuta mbele, hatua mbili, tatu.
Nikapunguza.
"Usinisubiri kama mgonjwa!"
Nikaenda. Nikapunguza tena.
Nikajifanya nafunga kamba iliyokuwa imefungwa.
Nyuma yangu nyayo zake tupu juu ya lami,
sauti ile ile ya asubuhi za madumu ya maji,
alipokuwa akitembea mbele na sisi wawili nyuma,
na mimi nikihesabu visigino: viwili vyake, viwili vya Biira.

Tulifika wakiwa wameanza kufumua jukwaa.
Washindi walikwisha kula.
Mtu fulani akatupa ndizi moja moja na soda ya moto.

Simu ikaita. Biira, jikoni kwa tajiri wake,
ananong'ona ili mama mwenye nyumba asisikie:
"Enhe? Viatu vimewatosha?"

Masika ameketi ukingoni mwa barabara,
vumbi na damu kidoleni,
waridi mbili bado zinaning'inia kifuani.
Akanitazama. Mimi nilikuwa navuta pamba
kutoka kiatuni, kipande kwa kipande.

"Kama tulivyopimwa," akasema.